Kidole cha Helju

Taavet ametundika skrini ukutani, pana kama mlango wa ghala,
na asubuhi hii ni kijani kitupu.
Majaribio elfu nne mia mbili na sita,
yote yamepita.
Nje, theluji ya Tartu imefika magotini.
Ndani, watu wanapigiana makofi juu ya kahawa.
"Leelo," ananiambia, "sasa unaweza kulala."

Sibishi.
Kabla ya mtambo huu, mtambo nilikuwa mimi:
jina, nywila, bonyeza, ngoja,
jina, nywila, bonyeza, ngoja,
mara tisini kwa siku, na kufikia ya sitini
macho yalishaanza kuona nilichotarajia.
Kosa la tarehe ishirini na tisa Februari
lilinipita mbele ya pua, limevaa kofia,
nadhani hata lilinisalimu.
Mtambo ulilidaka usiku wake wa kwanza kazini.

   Saa saba za usiku, mtambo haujachoka,
   Hurudia kila siku, pasipo kulalamika,
   Hauandiki kwa chuku, wasema ulichoshika,
   Kosa lijibanze huku, kukicha limefichuka.

Ndivyo ulivyo, vina na mizani,
hauachi silabi.

Lakini Jumatano nilipanda treni hadi Elva
na kisanduku chetu cha dawa mkobani,
kwa Helju Kallaste, mkutubi mstaafu,
miaka themanini na mmoja, soksi moja mguuni,
nyingine bado anaitafuta.
Nikamwomba atumie kisanduku kama kwamba sipo.
Akatoa kidonge cha presha, akakiweka kwenye kisahani,
akanyoosha kidole kugusa kioo,
na kidole kikatetemeka.

Kikagusa. Kikagusa.
Kikagusa.

Kisanduku kikajibu kwa adabu tuliyokifundisha:
Umemeza.
Umemeza.
Umemeza.
Kikafunga dozi ya leo, na ya kesho, na ya keshokutwa.
Helju akasoma kioo, akatazama kisahani
ambapo kidonge kilikuwa bado kimelala, cheupe, kikavu.
"Basi nimeshameza," akasema,
akakirudisha kwenye chupa.

Ulimi ukanikauka.
Majaribio elfu nne mia mbili na sita,
na katika yote hayo kidole ni namba mbili,
mlalo na wima,
kinashuka mara moja, kinainuka, hakina mshipa.
Aliyekiandika hivyo ni mimi.
Sikuwahi kumwandika mtu atakayeamini kioo
kuliko kisahani chake mwenyewe.

Nikarudi na treni ya saa kumi.
Usiku ule niliufundisha mtambo kutetemeka:
miguso mitatu ndani ya milisekunde mia nne.
Ukutani pakawaka nyekundu, doa moja, kama tone la damu puani.
Ijumaa Peep akarekebisha msimbo.
Kijani tena. Elfu nne mia mbili na saba.
Tangu hapo, kila usiku, kitu kisicho na mkono
kinatetemeka mkono wa Helju,
hakisahau hata mara moja,
jambo ambalo mimi nisingeliweza.

"Wako wangapi kama yeye?" Taavet akauliza.
Sijui. Yupo mzee wa Valga asiyevua glavu,
yupo anayelaza kisanduku kifudifudi
kwa kuwa taa yake inamnyima usingizi,
na huyo nimemjua kwa bahati tu, kwa sababu ni jirani ya Helju
na alikuja kuazima chumvi.

Taavet hataki kuonekana bahili.
Nauli ataitoa, ila aiandike chini ya kifungu gani?
"Andika kahawa," nikamwambia.

Maana kuna hili sijaliweka kwenye ripoti:
Helju alinimiminia kikombe, nikanywa.
Akanimiminia cha pili. Cha tatu,
kila mara akiuliza, "Utakunywa kahawa?"
kana kwamba ndiyo kwanza naingia.
Sikujua kama amesahau
au hakutaka niondoke.
Nimekaa na swali hilo wiki nzima mbele ya kinanda.
Jaribio lake sijui naanzia wapi kuliandika.